Alichokikuta na Alichokiacha: Ken Holland na Lou Lamoriello Katika Mizani Moja

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, dada zangu na kaka zangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mtakumbuka kwamba katika kikao kilichopita ubishi ulizuka wakati wa chai, pale mmoja wetu alipodai kwamba Ken Holland, aliyekuwa meneja mkuu wa Edmonton Oilers, timu ya hoki ya barafu ya mji wetu huu, hadi mwaka 2024, hana tofauti yoyote na Lou Lamoriello wa New Jersey Devils, kwa kuwa kila mmoja wao ametwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa ligi, mara 3 akiwa meneja mkuu, na tatu kwa tatu ni sare. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haituelezi jambo kubwa. Mimi naamini kwamba rekodi ya meneja husomwa kwa kutazama alichokikuta siku alipokabidhiwa ufunguo na alichokiacha siku alipourudisha, na nitajaribu kuonyesha kwamba tukiisoma hivyo sare inavunjika, ingawa haivunjiki kirahisi kama wengine wenu mnavyotarajia.

Wapo kati yetu waliofika Canada juzijuzi, ambao wakisikia neno hoki bado wanauona uwanja wa City Park wa Nairobi, kwa hiyo niseme kwa ufupi kazi ya meneja mkuu ni ipi. Katika NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Canada na Marekani, kwa kawaida mchezaji hanunuliwi kwa fedha kama Simba au Yanga wanavyomnunua mshambuliaji wa klabu nyingine. Hubadilishwa kwa mchezaji mwenzake, au kwa haki ya kuteua kijana katika uteuzi wa kila mwaka ambao wenyewe wanauita drafti, na tafadhali msiichanganye na ile drafti ya vizibo vya soda tunayoicheza barazani. Tangu mwaka 2005 kuna pia kikomo cha mishahara ambacho hakuna klabu inayoruhusiwa kukivuka. Meneja mkuu ndiye anayebadilishana, anayeteua, anayeidhinisha mikataba na anayemfukuza kocha. Hachezi, na uwanjani jina lake huimbwa pale tu watu wanapotaka aondoke.

Lamoriello aliingia New Jersey mwaka 1987 akitokea chuo cha Providence, alikokuwa kocha wa hoki na kisha mkurugenzi wa michezo. Hakuwa amecheza wala kufundisha hata mechi moja ya NHL. Mmiliki wa New Jersey Devils, John McMullen, alimfanya rais wa klabu mwezi Aprili, na kabla msimu haujaanza mwenyewe akajiteua kuwa meneja mkuu, jambo lililowafanya watu wa ligi kutazamana. Alichokikuta kilikuwa kibanda. Timu ilikuwa imehamia New Jersey mwaka 1982 na kwa misimu 5 mfululizo haikuwahi kufika hatua ya mtoano. Mwaka 1983, baada ya Oilers ya mji wetu kuifunga 13-4, Wayne Gretzky aliifananisha na Mickey Mouse, na jina hilo likaiganda kama utomvu wa fenesi. Katika msimu wa kwanza wa Lamoriello, kwenye mechi ya mwisho kabisa ya ligi huko Chicago, John MacLean alifunga katika muda wa nyongeza na timu ikaingia mtoano. Kisha ikasonga hadi hatua inayotangulia fainali, ikatolewa na Boston katika mchezo wa 7, ule wa mwisho, maana katika mtoano wao anayesonga ni anayetangulia kushinda michezo 4.

Holland alikabidhiwa nyumba iliyokwisha kuezekwa. Alipopandishwa kuwa meneja mkuu wa Detroit Red Wings mwezi Julai 1997, klabu ilikuwa imebeba kombe mwezi uliotangulia, la kwanza kwake tangu 1955. Ndani walikuwamo nahodha Steve Yzerman, Sergei Fedorov, Brendan Shanahan na beki Nicklas Lidstrom. Kocha alikuwa Scotty Bowman. Na mmiliki, Mike Ilitch, tajiri wa pitsa, hakuwa mtu wa kubana mfuko.

Haki lazima itendeke hapa. Holland hakuwa mpita njia aliyeokota ufunguo barabarani. Alikuwa kipa wa kiwango cha kati aliyeambulia mechi 4 tu za NHL, akastaafu, na tangu 1985 akawa msaka vipaji wa Detroit katika magharibi ya Canada, akizunguka viwanja vya barafu vya miji midogo. Matofali kadhaa ya nyumba ile aliyabeba mwenyewe. Tena siku 6 baada ya kombe la 1997, gari lililowabeba wachezaji kutoka kwenye sherehe liligonga mti, na beki Vladimir Konstantinov akaumia kichwa kiasi cha kutocheza tena. Huo ndio msimu wa kwanza wa Holland: beki wake mmoja hospitalini, Fedorov akigomea mkataba hadi mwezi Februari, kipa wa ubingwa Mike Vernon akiwa amepelekwa San Jose kwa kubadilishana. Mwezi Juni 1998 Detroit waliishinda Washington michezo 4 kwa 0, na wachezaji wakaenda moja kwa moja kwa Konstantinov aliyekuwa ameketi katika kiti cha magurudumu juu ya barafu, wakampakatisha kombe mapajani. Anayesema kwamba kombe lile Holland alilirithi tu aitazame picha ile kwanza.

Sasa tuwatazame wakiwa kazini, maana hapo ndipo tabia za watu hawa wawili zinapoachana. Lamoriello alikuwa mtu wa kusubiri mwenzake akosee. Mwaka 1989 aliwapa Toronto beki wa kawaida, Tom Kurvers, naye akachukua nafasi yao ya raundi ya kwanza katika uteuzi wa 1991. Toronto wakawa na msimu mbovu, na kwa kuwa timu dhaifu huteua mapema, nafasi ile ikawa ya 3, na kwayo akamteua Scott Niedermayer. Mwaka 1990 alikuwa na nafasi ya 11. Aliwaachia Calgary, akarudi nyuma hadi ya 20 na kuongezewa nafasi nyingine juu yake. Calgary walipanda kumwahi kipa Trevor Kidd. Lamoriello, kwa nafasi ya 20, akamchukua kipa mwingine aliyeitwa Martin Brodeur, ambaye alikuja kushinda mechi 691 za ligi, nyingi kuliko kipa yeyote katika historia.

Ila kisa kinachonivutia zaidi ni cha kiangazi cha 1991. St. Louis walimchukua Shanahan, huyo huyo Shanahan, kutoka New Jersey, na kwa kanuni za wakati ule klabu iliyompoteza mchezaji wa aina yake ilistahili fidia, na pande mbili zisipoelewana jaji msuluhishi huchagua pendekezo la mmojawapo bila kulipunguza wala kuliongeza. St. Louis walitoa kipa Curtis Joseph, kijana Rod Brind'Amour na nafasi za uteuzi, furushi ambalo meneja mwingine angelipokea kwa mikono miwili. Lamoriello alitaka kitu kimoja tu: Scott Stevens, beki ambaye mwaka mmoja kabla St. Louis walikuwa wamemgharamia nafasi 5 za uteuzi za raundi ya kwanza. Lilionekana dai la mtu asiye na haya. Mwezi Septemba jaji akaamua kwamba New Jersey wapewe Stevens. Miaka minne baadaye Stevens alikuwa nahodha aliyeliinua Kombe la Stanley la 1995, nao waliofungwa michezo 4 kwa 0 katika fainali hiyo walikuwa Detroit.

Naomba mlizingatie hilo, kwa sababu Stevens, Niedermayer na Brodeur ndio mafiga matatu yaliyobeba vikombe vya 1995, 2000 na 2003, na yote matatu yalipatikana kwa meneja kusoma kanuni na kusoma watu. Fedha nyingi hazikutumika.

Upande wa Detroit, sifa ya Holland ilikuwa kuwaamini watu wake na kuwaacha wafanye kazi. Msaka vipaji wake huko Ulaya, Håkan Andersson wa Sweden, alikwenda Urusi kumtazama beki mmoja, akarudi na jina la kijana mwingine, mwembamba na mfupi, ambaye timu nyingine hazikumjali. Husimuliwa kwamba alipotaka kurudi kumtazama tena, ndege ilikwama Moscow kwa ajili ya theluji, na msaka vipaji wa klabu nyingine aliyekuwa safari moja naye akakata tamaa asifike kabisa. Kijana yule alikuwa Pavel Datsyuk, na Detroit walimteua akiwa wa 171 mwaka 1998. Mwaka uliofuata wakamteua Henrik Zetterberg akiwa wa 210. Kwa anayejua uteuzi ule, nafasi ya 210 ni sawa na kuokota lulu kwenye takataka za soko la samaki.

Kombe la 2002 ni suala jingine, na hapa wanaomponda Holland wana hoja. Katika kiangazi kimoja alimchukua kipa Dominik Hasek kutoka Buffalo, kisha akawasajili Luc Robitaille na Brett Hull, akiwaweka pembeni ya Yzerman, Lidstrom, Fedorov, Shanahan na Chris Chelios. Wachezaji 10 wa kikosi kile wako leo katika Jumba la Umaarufu la hoki. Kushinda na kikosi cha namna hiyo ni kazi, sikatai, lakini ni kazi ya mpishi aliyepewa ufunguo wa duka zima, wakati mwenzake wa New Jersey anapima mchele kwa kikombe.

Ndiyo maana wengi walitabiri kwamba kikomo cha mishahara kitamuumbua Holland na kumwinua Lamoriello. Msimu wa 2004/05 ulifutwa wote kwa mgogoro wa mishahara, na ligi iliporudi kila klabu ilifungwa kwenye dola milioni 39. Kilichotokea ni kinyume. Detroit walimaliza msimu wa kwanza wa kikomo wakiwa na pointi 124, nyingi kuliko timu zote, kabla ya kutolewa na Oilers wa hapa katika raundi ya kwanza, jambo ambalo naona bado linawafurahisha mabwana wa safu ya nyuma. Mwaka 2008 walitwaa kombe mbele ya Pittsburgh, wakiongozwa na Lidstrom, Datsyuk na Zetterberg, na mwaka 2009 walifika tena fainali na kushindwa katika mchezo wa 7. Tena katika ulinzi wao wa 2008 alikuwamo Brian Rafalski, beki ambaye hakuna klabu iliyomteua ujanani, ambaye Lamoriello alimfuata Finland mwaka 1999 na kubeba naye makombe mawili, kisha mwaka 2007 Holland akamsajili kwa miaka 5 na dola milioni 30. Hazina aliyoichimba mmoja ikavaliwa na mwingine.

Lamoriello, msomaji hodari wa kanuni, ndiye aliyejikwaa. Niedermayer aliondoka 2005 kwenda kucheza na mdogo wake Anaheim. Mikataba ya wakongwe ikamlemea hata ikambidi, mwaka 2006, awape San Jose nafasi ya uteuzi ya raundi ya kwanza ili tu wamwondolee mkataba wa beki Vladimir Malakhov. Mwaka 2010 aliwasilisha mkataba wa mshambuliaji Ilya Kovalchuk wa miaka 17 wenye thamani ya dola milioni 102, ambao ungemalizika mchezaji akiwa na umri wa miaka 44. Ligi iliukataa kwa hoja kwamba unakikwepa kikomo, msuluhishi akakubaliana nayo, na klabu ikatozwa faini ya dola milioni 3 na kunyang'anywa nafasi za uteuzi, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa. Kovalchuk alisaini mkataba mpya wa miaka 15, akacheza mitatu, akarudi kwao Urusi. Fainali pekee ambayo Lamoriello aliifikia New Jersey chini ya kikomo ilikuwa ya 2012, naye aliipoteza mbele ya Los Angeles.

Kuhusu makocha, sitakaa sana, ila siwezi kulipita. Katika miaka 22 ya Holland kama meneja mkuu Detroit walikuwa na makocha wakuu wanne. Lamoriello aliajiri zaidi ya kumi, na wengi aliwafukuza. Mwaka 2000 alimfukuza Robbie Ftorek zikiwa zimesalia mechi 8, akamweka Larry Robinson, na akashinda kombe. Tangu siku hiyo nadhani aliamini kwamba anayo dawa. Mwaka 2007 alirudia dawa ile ile kwa Claude Julien zikiwa zimesalia mechi 3, timu ikiwa inaongoza kundi lake, akaingia benchi mwenyewe, na akatolewa raundi ya pili. Julien alikwenda Boston na kutwaa kombe mwaka 2011. Huyu ndiye mtu aliyekataza wachezaji wake kufuga ndevu na asiyependa namba 13 mgongoni mwa yeyote. Kwake klabu ilikuwa kambi, na katika kambi amri ni moja.

Nafika sasa kwenye mlango wa kutokea, ambao wenzangu wengi wakilinganisha watu hawa huuruka. Lamoriello aliachia umeneja wa New Jersey mwaka 2015 baada ya misimu 3 mfululizo bila mtoano. Holland aliondoka Detroit mwaka 2019 baada ya misimu 3 mfululizo bila mtoano. Kufanana huko si bahati. Wote wawili walishindwa kuvunja kwa mikono yao nyumba waliyoijenga. Detroit walikuwa na mfululizo wa misimu 25 ya mtoano hadi 2016, na ili usikatike Holland aliendelea kuwapa wachezaji wa kati mikataba mirefu: Justin Abdelkader miaka 7 mwaka 2015, Frans Nielsen miaka 6 mwaka 2016. Mfululizo ulikatika hata hivyo, na hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 Detroit walikuwa hawajarudi. New Jersey walirudi mtoano mwaka 2018, msimu wa tatu baada ya Lamoriello kuondoka. Kwa kipimo changu cha alichokiacha, Detroit ndilo doa kubwa zaidi katika daftari la Holland.

Kila mmoja alipata nyumba nyingine. Nitaipita miaka 3 ya Lamoriello Toronto, ambako alikuwa mmoja kati ya wakubwa kadhaa. Alipoingia New York Islanders mwaka 2018, nahodha John Tavares aliondoka bure ndani ya wiki chache, na timu ndiyo iliyokuwa imefungwa mabao mengi kuliko zote. Alimwajiri kocha Barry Trotz, aliyekuwa ametoka kushinda kombe na Washington, na ndani ya msimu mmoja timu hiyo hiyo ikawa imefungwa mabao machache kuliko zote. Mwaka 2020 na 2021 walifika hatua inayotangulia fainali, mara zote mbili wakazuiwa na Tampa Bay, naye akachaguliwa meneja bora wa mwaka mara zote mbili. Lakini ugonjwa wa zamani ulirudi: beki Devon Toews aliachwa aende Colorado kwa nafasi 2 za raundi ya pili kwa sababu ya kikomo, Trotz akafukuzwa 2022, kikosi kikazeeka, na mwezi Aprili 2025 mkataba wake haukuongezwa.

Holland alikuja hapa kwetu mwezi Mei 2019 na kuwakuta washambuliaji nyota Connor McDavid na Leon Draisaitl. Watu husema hata mtoto angeshinda akiwa na wawili hao, lakini waliomtangulia walikuwa nao na katika misimu 4 walifika mtoano mara moja. Alimleta mshambuliaji Zach Hyman mwaka 2021 kwa miaka 7, mkataba ambao watu wa mji huu waliuita wazimu, na Hyman akafunga mabao 54 msimu wa 2023/24. Alimleta beki Mattias Ekholm. Alikosea vibaya kwa kipa Jack Campbell, mkataba wa dola milioni 25 ambao klabu ililazimika kuununua ili uishe. Mwezi Novemba 2023, timu ikiwa mkiani, alimfukuza kocha Jay Woodcroft na kumwajiri Kris Knoblauch, na timu ikashinda mechi 16 mfululizo.

Usiku wa tarehe 24 Juni 2024 nilikuwa nimekaa na wenzangu wanne wa zamu ya usiku katika chumba cha mapumziko, mbele ya televisheni ndogo juu ya jokofu, tukiutazama mchezo wa 7 dhidi ya Florida. Edmonton walikuwa wamefungwa michezo 3 ya kwanza, wakashinda 3 iliyofuata. Bao letu alilifunga Mattias Janmark, mchezaji wa bei nafuu ambaye Holland alimsajili bila kelele. Florida walishinda 2-1. Mama mmoja wa Bukavu, aliyekuwa hajui kanuni hata moja ya mchezo ule, alizima televisheni na kusema twende tukafanye kazi. Siku chache baadaye mkataba wa Holland ulimalizika, na mwaka uliofuata timu aliyoiacha ilifika tena fainali.

Uamuzi wangu, basi, ni kwamba Lamoriello yuko mbele, na aliyemweka mbele ni New Jersey ya 1987 hadi 2003. Sijui meneja mwingine wa zama hizi aliyechukua kibanda na kutoa ndani yake makombe 3. Lakini yuko mbele kwa kichwa tu, na mwaka 2019 ningesema kwa urefu wa farasi mzima. Pengo limepunguzwa na kombe la 2008, ambalo kila mwaka linazidi kuonekana zito, pamoja na kazi ya Edmonton, ambayo mji wenyewe haujaishukuru ipasavyo. Vilevile daftari la Holland bado liko wazi. Mwezi Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 69, aliajiriwa na Los Angeles Kings, klabu iliyokuwa imetolewa na Edmonton katika raundi ya kwanza miaka 4 mfululizo, na katika mitatu ya mwanzo kati ya hiyo aliyewatoa ni yeye mwenyewe.